Dereva mpya: nianze kwa kupokezana usukani na mwenzangu, au niende peke yangu?

GiaYaKwanza aliuliza:

Ndugu madereva, salamu kwenu nyote, na shikamooni kwa wakubwa wangu. Nimepata leseni ya malori makubwa yenye trela mwezi uliopita, na kampuni iliyokubali kunichukua imeniachia nichague: ama nipangwe na dereva mwingine katika lori moja, tupokezane usukani usiku na mchana, ama nikae na mkufunzi kwa wiki chache kisha nikabidhiwe lori langu mwenyewe. Wameniambia kwamba wanaokwenda wawili hupewa mizigo ya masafa marefu na lori lao halikosi kazi, jambo linalonivutia kwa kuwa bado nadaiwa ada ya mafunzo.

Nina hofu mbili zinazovutana. Nikienda peke yangu, naogopa kufika mahali pa kupakulia saa nane za usiku, uwanja umebana, na hakuna wa kumwuliza. Nikienda na mwenzangu, naogopa kulala nyuma ya pazia huku roho yangu ikiwa mikononi mwa mtu nisiyemjua hata kwa sura, na isitoshe sijawahi kulala ndani ya gari linalotembea. Naomba waliopita njia zote mbili wanieleze, hasa kuhusu usingizi, malipo na kujifunza kazi yenyewe.

TaaZaNyuma alijibu:

Marahaba, ndugu, na hongera kwa leseni. Nimepokezana usukani kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuchukua lori peke yangu, nami nitaanza na usingizi, kwa sababu mengine yote yanautegemea huo.

Lori likiwa limesimama, kitanda cha kabini ni kitanda kama vingine. Likitembea, kila kiungo cha daraja unakisikia mgongoni, breki za upepo zikipumua unafumbua macho kabla hujajua ni kwa nini, na mwenzako akipunguza mwendo ghafla mwili unateleza kuelekea kwenye viti. Ndiyo maana kitanda hufungwa wavu au mikanda ya kumzuia anayelala, nawe uifunge kila unapolala, hata kama anayeendesha ni fundi kiasi gani. Wako wanaozoea baada ya majuma mawili, na wako ambao miezi sita haikuwatosha. Hata kwa aliyezoea, usingizi huo huwa mwepesi na wa kukatikakatika, kwa hiyo saa nane za kitandani zisikudanganye kwamba umelala saa nane. Ukiamshwa kushika zamu, usirukie usukani papo hapo, maana kichwa huchukua muda kuchangamka. Sisi tulikubaliana kwamba anayeamka anawe uso, alizunguke lori lote akikagua matairi na taa, aangalie kiunganishi cha trela kwa tochi, ndipo aketi.

Mwenzangu wa kwanza tuliachana baada ya wiki tatu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa akiyaganda magari ya mbele, nami nilikuwa nikilala nahesabu breki zake badala ya kupata usingizi. Nilimweleza mara mbili, hakubadilika, nikaiomba kampuni initenganishe naye. Wa pili tulidumu naye hadi mwisho, na nilikuwa nikilala hadi tunavuka milima bila mimi kujua. Lori lilikuwa lile lile na barabara zile zile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni wawili au peke yako, uliza huyo wa pili ni nani. Omba safari moja fupi ya mchana kabla ya kutia saini, ukae pembeni, uangalie anavyoacha nafasi mbele yake, anavyoishughulikia simu, na anavyokuwa pale dereva mwingine anapomkatia njia. Uliza pia habari za sigara na usafi, na nani atachukua zamu ya usiku wa manane, kwa sababu mambo hayo madogo ndiyo yanayovunja urafiki ndani ya kabini.

MbebaKontena alijibu:

Naongeza upande wa sheria na wa malipo, kwa kuwa hofu yako ya kulala likitembea inategemea unaendesha wapi. Nchini Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na muda anaolala kitandani lori likiwa barabarani huhesabiwa kuwa mapumziko. Madereva wawili wakipishana vizuri, lori linakaribia kutembea mchana kutwa na usiku kucha. Katika Umoja wa Ulaya hesabu ni nyingine: kila dereva ana saa 9 za kuendesha kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, na baada ya saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Wakiwa wawili, kila mmoja apate mapumziko ya saa 9 ndani ya saa 30, na kwa mapumziko hayo ya siku lori lazima liwe limesimama. Kuketi pembeni mwenzako anapoendesha kunaweza kuhesabiwa kama zile dakika 45, lakini hakuwezi kuwa mapumziko ya siku.

Kuhusu malipo, piga hesabu mwenyewe kabla ya kufurahia wingi wa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, dereva wa peke yake anatembea kilomita 800 kwa siku na analipwa 10 kwa kilomita. Hiyo ni 8,000. Lori la wawili likatembea kilomita 1,500 kwa kiwango cha 12 ambacho mnagawana, kila mmoja anapata 9,000. Kiwango kikibaki 10, kila mmoja anapata 7,500, yaani chini ya yule wa peke yake, ilhali nyote mmekaa ndani ya kabini usiku na mchana. Uliza waziwazi kama kiwango wanachokutajia ni cha lori au cha kila dereva. Uliza vilevile utalipwa nini mwenzako akiugua au akiacha kazi, kwa maana mimi niliwahi kukaa siku tisa uwanjani bila safari wala malipo, nikisubiri wapate wa kujaza nafasi ya mwenzangu.

MamaTrela alijibu:

Mdogo wangu, mimi nilianza peke yangu mara tu baada ya mkufunzi, na jambo ambalo wenzangu hawajaligusa ni kurudi nyuma. Kwenda mbele utakuzoea upesi. Kurudisha trela nyuma kunazoeleka kwa kurudia tu, na dereva wa peke yake anarudia kila jioni anapotafuta mahali pa kulala, na tena kila anapopakia na kupakua. Wanaopokezana masafa marefu husimama mara chache, na hata hizo chache hugawana, au mwenye ujuzi huzichukua zote kwa sababu wana haraka. Nimewaona madereva wa mwaka mzima wanaotetemeka mbele ya mlango wa ghala.

Usiku wa kwanza nilioupata mlango mwembamba, nilizima redio, nikawasha taa za tahadhari, nikashika usukani chini kabisa, kwa kuwa ukiushika hapo trela huelekea upande unaopelekewa mkono. Nilishuka kuangalia mara kumi na moja. Walinzi walisubiri, nami sikugusa kitu. Hofu yako ya saa nane za usiku ni ya kweli, lakini dawa yake ni kushuka na kuangalia, na hiyo unaweza kuifanya bila mwenzako.

Faida nyingine ni kwamba ukichoka unasimama, wala hakuna anayekutazama saa. Upweke upo, sitakuficha, na miezi ya mwanzo ulinielemea. Ninachokuomba usikubali ni kupangwa na mgeni mwenzako, kwa sababu hapo wakati mmoja amelala, mwingine anakosea peke yake na hakuna anayemfundisha mwingine.

GiaYaKwanza aliandika:

Nawashukuru sana. Nimewapigia simu leo. Kiwango walichonitajia ni cha lori, na mtu waliyetaka kunipanga naye ana miezi miwili tu kazini. Kwa hiyo naelekea kwenye lori langu mwenyewe. Je, kuhusu zile wiki za mkufunzi, kuna la kuuliza?

TaaZaNyuma alijibu:

Lipo moja kubwa. Uliza kama mkufunzi atakuwa ameketi kando yako wakati unaendesha, au atakuwa amelala kitandani huku lori likifanya kazi ya madereva wawili. Wakisema atalala, omba ijulikane kwa maandishi ni wiki ngapi atakaa macho kwanza, na umwombe yeye mwenyewe akuachie wewe urudishe trela nyuma kwenye kila mlango wa ghala, hata mkichelewa.

MamaTrela alijibu:

Na zamu zako za kwanza za usiku ziwe katika wiki hizo anazokaa macho. Mpe pia namba yako, umwulize kama atapokea simu ukikwama baada ya kukabidhiwa lori. Wangu alikuwa akipokea.