Mtoto anafundishwa kuwa mama yake ni adui wa msitu: hii ni elimu au hukumu? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna bango nimelikuta ukutani katika darasa moja la shule ya msingi huku Morogoro vijijini. Upande wa kushoto msitu umestawi, ndege juu, kijito chini. Upande wa kulia mwanamume kashika shoka, pembeni yake mama kabeba kuni kichwani, na mstari mwekundu umewakata wote wawili. Hao ndio waharibifu. Sasa watoto wanaokaa chini ya bango lile, wengi daftari zao zimenunuliwa kwa hela ya mkaa, na uji wa asubuhi umechemkia kuni hizo hizo.

Nikalitazama tena nikitafuta lori. Hamna. Hamna dalali, hamna mwenye kibali anayeishi mjini, hamna sisi wa Dar ambao jiji letu ndilo soko kubwa la mkaa nchini, na ambao kila tarehe 5 Juni tunavaa fulana za Siku ya Mazingira na kupanda miche ambayo hakuna anayerudi kuimwagilia.

Hoja yangu ni hii. Elimu ya mazingira ukimpa mtu asiye na sauti juu ya msitu wenyewe, hujamwelimisha, umemhubiria. Atakusikiliza, atapiga makofi, atasaini karatasi ya posho, kisha jioni atarudi tanuruni kwa sababu hujambadilishia chochote. Mpe kwanza haki ya kuamua na kula matunda ya uamuzi wake, halafu uone atakavyojifunza haraka.

Sisemi hewani. Kuanzia mwaka 2012, wilayani Kilosa, vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Nyali viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu uliosimamiwa na TFCG, shirika la uhifadhi wa misitu Tanzania, pamoja na MJUMITA, ule mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu, kwa fedha za Uswisi. Hawakuambiwa "acheni mkaa". Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, basi wakaupima, wakatenga eneo la kuvuna, wakaligawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vilivyopangwa kama ubao wa drafti: unavuna kimoja, cha jirani unakiacha. Mzunguko mzima umepangwa uchukue miaka 24. Mti unakatwa, kisiki hakiguswi, kwa kuwa miti ya miombo, yaani ya mapori yetu yale, huchipua kutoka kwenye kisiki. Kandokando ya mito na kwenye miteremko mikali hakuna kukata. Ushuru unaingia kwenye akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu ndio unaoamua ujenge darasa, zahanati au kisima.

Mfano wa pili ni Shinyanga. Wakoloni walifyeka mapori ili kumaliza mbung'o, ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, ikaja operesheni vijiji iliyowatoa watu kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Mwalimu Nyerere akafika mahali pa kuuita mkoa ule jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Maofisa walianza na miche ya kigeni ya vitaluni, mambo hayakwenda walivyotaka. Kilichofanya kazi ni ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi. Ngitili zilizokuwepo mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wasimamizi walikuwa nani? Dagashida na sungusungu, mabaraza na walinzi wa watu wenyewe.

Kwa hiyo naliweka mezani: pesa tunayotumia kwenye makongamano, mabango na klabu za mashuleni, si bora iende kwenye kupima ardhi ya vijiji na kuwapa watu hati za misitu yao? Karibuni.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta mada umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokufaa. Mbona hujataja HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma?

Kondoa kule ardhi ilikuwa imekatikakatika kwa makorongo, mchanga mwekundu mtupu. Mradi ulianza 1973, wakahubiri matuta na miti, ng'ombe wakaendelea kula kila kinachochomoza. Mwaka 1979 serikali ikasema mifugo yote itoke kwenye eneo lile. Ikatoka. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kutulia. Hakuna dagashida wala nini. Amri.

Halafu hili suala la haki. Haki ya mchoma mkaa, sawa. Na haki ya mkulima aliye chini ya mto unaokauka je? Sasa hivi kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wewe unataka kuwafundisha watu kuchoma mkaa kistaarabu wakati nchi inaondoka kwenye mkaa?

Mchangiaji, Kilosa

Mkuu wa Dar, umeshawahi kuchoma mkaa?

Mimi nimechoma wa kiholela na nimechoma wa mpango. Wa kiholela unakata kinachokuja mbele, unapanga magogo mabichi, unatupia majani na udongo, unawasha, unalala na wasiwasi kwa sababu ukisikia pikipiki ya doria unakimbia na tanuru linabaki linaungua. Ukirudi ni majivu, na miti umeshaimaliza. Wa mpango unakausha magogo kwanza, unayapanga makubwa katikati, vijiti vya kujaza nafasi, unaacha matundu ya hewa, unakaa hapo unasoma moshi. Moshi mweupe mzito, maji bado yanatoka. Ukianza kuwa wa bluu mwepesi unaziba. Gogo lile lile linakupa mkaa zaidi. Hiyo ndiyo elimu ya mazingira iliyoniingia, na sikuipata kwenye bango.

Lakini mleta mada nawe usipake asali kila mahali. Msitu haumalizwi na sisi peke yetu. Anayeng'oa visiki ni mwenye shamba la ufuta na mahindi, yule akishasafisha mti haurudi tena. Na kuhusu kijiji kuwa na mamlaka: mnaweza kuwa na mpango wenye mihuri yote, mkafuata kila kitu, kibali kikakwama ofisi za juu msimu mzima. Wakati huo wa kiholela wanapita usiku na mzigo wao. Unabaki unamweleza kijana kwa nini afuate utaratibu. Unamwambia nini?

Mchangiaji, Maswa

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, niruhusuni nami niseme kuhusu ngitili maana naona zinasifiwa na watu wasioishi nazo.

Ni kweli zimerudisha majani. Nilipokuwa binti tulikuwa tunatoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limesimama, siku hizi si hivyo. Uyoga upo, dawa zipo, nyasi za kuezekea zipo. Lakini ngitili ni ya nani? Zipo za kijiji, na zipo za mtu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Asiye na ng'ombe anakodishiwa au anafukuzwa. Mjane ambaye shemeji zake wamechukua eneo la marehemu, yeye ngitili anaiona kwa macho.

Na hiyo dagashida mnayoipamba, sisi wanawake tulikuwa tunasikia matokeo yake. Faini imepangwa ya kuingia kukata kuni. Anayeingia kukata kuni ni nani? Mwanamume? Wanaume walikaa chini ya mti wakapanga adhabu ya kazi ambayo hawaifanyi.

Sipingi. Nasema tu, mkishasema "jamii imeamua", ulizeni jamii gani.

Mwalimu, Iringa

Shikamoo mama wa Maswa. Umegusa penyewe.

Mimi nafundisha, na nimekuwa mlezi wa klabu ya Malihai, zile klabu za wanafunzi za uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, kwa muda. Klabu hizi zimekuwepo tangu 1980 na zimewafikisha hifadhini watoto ambao wasingewahi kumwona tembo, kwa hiyo mleta mada usizifute kwa kalamu moja. Tatizo langu ni nani anayeingia kwenye klabu. Ni mtoto anayebaki shuleni baada ya vipindi. Binti anayewahi maji nyumbani haingii. Mtoto anayekaa mbali haingii. Shule yetu ina wanafunzi viziwi, wageni wa mazingira wakija wanazungumza saa nzima wakiwa wamegeukia ubao wanachora mzunguko wa maji. Wale watoto wanakaa kimya na tunapiga picha ya pamoja.

Mwaka jana nilijaribu kitu kingine. Niliwapa darasa la sita kazi ya hesabu: gunia moja la mkaa, liulizieni bei kwa mchomaji, kwa mwenye pikipiki, barabarani kwa malori, kisha kwa shangazi au mjomba yeyote aliyeko mjini anayenunua kwa kopo au kisado. Walirudi na namba, tukachora ngazi. Mtoto mmoja ambaye baba yake anachoma alitazama ile ngazi akauliza, "Mwalimu, mbona aliye chini ndiye anayekamatwa?" Sikuwa na jibu la mtaala. Wale viziwi waliongoza kuchora, kazi ilikuwa ya namba na vidole.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kuwa nafundisha siasa.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Nianze na mkuu wa Dar kwa sababu HADO ni hoja nzito.

Kondoa nyasi zilirudi, sibishi. Ila fuata ng'ombe wale walikwenda wapi. Hawakuyeyuka. Walihamishiwa maeneo ya jirani, na huko nako wakala na wakakanyaga. Ukirekodi upande mmoja wa mpaka utaona mafanikio, ukivuka utaona mzigo umehamishwa. Na familia iliyokuwa ikitegemea maziwa na samadi ilikaa takriban miaka kumi bila mnyama, mpaka mwaka 1989 walipoanza kuruhusiwa kufuga ndani kwa kukata majani. Kumbuka hapo: kilichorudisha amani ni ufugaji ambao mtu aliweza kuishi nao. Kama wangeanza na hilo 1979?

Amri nyingine unayoijua ni ya mkaa mwaka 2006. Ilipigwa marufuku, bei ikapanda jijini, marufuku ikaondolewa baada ya muda mfupi. Amri inayomgusa maskini wa Kondoa inadumu. Inayomgusa mpishi wa Dar haimalizi msimu. Hilo ndilo ninaloita suala la haki, wala sihitaji neno kubwa kuliko hilo.

Kuhusu nishati safi kama gesi, naiunga mkono kabisa, moshi unaua mama zetu. Lakini mtungi wa kilo 6 ukiisha katikati ya mwezi, mama lishe wa Mbagala anarudi kwenye kopo la mkaa kwa sababu kopo linanunulika kwa hela ya leo. Mpaka siku hesabu hiyo ibadilike, mkaa utachomwa. Swali ni kama kisiki kitaachwa au kitang'olewa.

Mama wa Maswa, shikamoo. Hapo nimekuelewa na nadhani ndipo mjadala wetu unapopaswa kuhamia. Kupeleka mamlaka kijijini kisha kuyaacha mikononi mwa wazee watano wenye ng'ombe, hiyo ni dhuluma iliyosogezwa karibu. Napendekeza: pasiwe na sheria ndogo ya msitu inayopitishwa kama wanawake waliohudhuria hawajapiga kura yao na ikahesabiwa kando. Kilosa, kwenu kamati ya maliasili ina wanawake wangapi, na wanashika nini?

Mchangiaji, Kilosa

Wapo. Wengine wanachoma na kuuza wenyewe, si wa kupamba kamati. Ila mweka hazina ni mwanamume, na doria za usiku wanawake hawaendi, na posho iko kwenye doria. Hilo halijawahi kufika mkutano mkuu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Sawa, kwenye ng'ombe wa Kondoa umenibana. Lakini hujajibu la mto. Anayekaa chini ya mto hayumo kwenye mkutano mkuu wa kijiji cha juu. Yeye anapigia kura wapi?

Mwalimu, Iringa

Hilo naliomba. Jumatatu nalipeleka darasani kabla hamjalijibu hapa, maana nina watoto wa juu ya mto na wa chini ya mto kwenye dawati moja. Na nitawageukia, sitageukia ubao.