Watu wanapakua aplikesheni yangu ya dagaa halafu hawaagizi, nakosea wapi?

fundi_nyamanoro
Wakuu habari za leo. Nipo Mwanza, nimetengeneza aplikesheni ya kuwaunganisha akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni Kirumba na wateja, mteja anaagiza, wanapangiana saa, anakuja kuchukua mzigo. Nimeihangaikia miezi minne na marafiki zangu wote wameisifia. Sasa nikicheki naona watu wanapakua, wanafika pale pa kuweka kiasi na saa, wanaachia hapo hapo. Juzi kuna mteja kanipigia kwa hasira, kafika saa nne asubuhi kama app ilivyomwambia na muuzaji hayupo. Nawaza nibadilishe rangi na nifupishe kujisajili, mnanishauri nini?

dada_wa_kirumba
Kaka pole, huyo muuzaji nahisi ni mimi. Mimi niliweka 10:00 nikijua ni saa kumi jioni, maana asubuhi nakuwa naanika mzigo, kumbe kwako hiyo ni saa nne. Sasa nani kati yetu kakosea? Mimi naongea saa ya Kiswahili tangu nizaliwe. Halafu kwenye kiasi umeweka kilo, sisi tunauza kwa sado, debe na gunia, mteja akiniandikia kilo 7 naanza kukuna kichwa. Na yale maandishi ya kijivu juani hayaonekani kabisa, mpaka nijifunike kanga ndo nisome.

mchoraji_wa_ziwa
Mkuu usiguse rangi kwanza, wala marafiki usiwaulize tena, wao wanakupenda wewe, dagaa hawauzi. Beba simu yako nenda Mwaloni, tafuta mama mmoja, mwambie "agiza debe moja" halafu kaa kimya. Hapo kwenye kukaa kimya ndo pagumu, mkono utakuwasha umwonyeshe batani, usimwonyeshe, angalia kidole chake kinaenda wapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, unarekebisha unarudi tena kwa wengine.

Mengine madogo: batani isipungue 48dp (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye kioo cha simu) kama Google wanavyoelekeza, na maandishi ya kawaida yapishane na rangi ya nyuma kwa mwanga, uwiano angalau 4.5 kwa 1, ila kwa jua la hapa mimi naweka nyeusi juu ya nyeupe tu basi. Na uliza swali moja kila ukurasa, hao akina mama wanatuma hela kila siku kwa menyu za namba, bonyeza 1, bonyeza 2, huo mtindo upo vidoleni mwao tayari.

boti_la_igombe
Naongezea kidogo, kipindi cha mbalamwezi sisi wavuvi wa dagaa tunapumzika, taa hazivuti kitu mwezi ukiwaka. App yako siku hizo inaonyesha patupu mtu anadhani imekufa. Andika pale kwamba ni mbalamwezi, mzigo unarudi giza likianza, watu wote wa ziwani wataelewa.

fundi_nyamanoro
Asanteni sana jamani, dada naomba radhi. Leo nimeshinda Mwaloni na watu 4. Mama mmoja vidole vimelowa, anagusa kioo kinaruka ukurasa mwingine, akafuta simu kwenye kitenge akaanza upya mara tatu bila kulalamika, akanirudishia akasema "mwanangu, bora nimpigie tu". Imeniuma kweli. Saa naitoa yote naweka maneno, mteja anachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndo anaona "saa kumi jioni" imeandikwa hivyo hivyo. Kilo nazo natoa naweka sado, debe, gunia. Dada hapo nimemaliza?

dada_wa_kirumba
Bado kaka. Kuna sado ya kufuta juu na kuna sado ya mlima, bei haifanani. Njoo kesho nikuonyeshe.