Krete wiki moja na watoto wawili: tulale wapi, na gari ni lazima?

MamaZuu
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri kwa mliowahi kufika Krete kule Ugiriki. Tunaishi Düsseldorf, mimi na baba Zuu na watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 10, tunataka wiki moja ya jua mwezi wa Agosti maana baridi ya huku imetuchosha. Nilivyopanga ni tulale mji wa Heraklion siku zote saba halafu kila siku tunatoka, ufuko wa Elafonisi ule wenye mchanga wa pinki, ufuko wa Balos, korongo la Samaria, magofu ya Knossos na kile kisiwa cha Spinalonga. Baba Zuu anasema nimejaza mno, mimi nasema kisiwa ni kisiwa, kina ukubwa gani kwani? Gari ni lazima au mabasi yapo? Halafu mdogo wangu yuko London na pasi ya Tanzania, kibali cha kuishi Uingereza anacho, si anakata tiketi tu anakuja?

Kaka_wa_Pangani
Dada hapa namuunga mkono shemeji 😂 Krete sio Unguja. Kutoka magharibi mpaka mashariki ni kama kilomita 260, na Elafonisi na Balos ziko ncha ya magharibi wakati Spinalonga iko mashariki. Kutoka Heraklion mpaka Chania tu ni kilomita 140 hivi, ukifika hapo bado Elafonisi iko 75 mbele tena za kona kona za milimani, huyo wa miaka 6 atakutapikia kabla hata hajaona maji. Laleni Chania, kuna uwanja wake wa ndege, Spinalonga iacheni safari nyingine.

Samaria na watoto hao mimi nisingeenda. Ni kilomita 16 za kushuka kwenye mawe, unaanza juu huko mita 1,200 na kitu, unatokea Agia Roumeli ambako barabara ya gari hakuna, lazima usubiri boti ikutoe ndio ukapande basi. Mimi na miguu yangu ya mtu mzima siku mbili zilizofuata nilishuka ngazi kinyumenyume. Na Agosti joto likizidi wanalifunga.

bi_mkubwa_Hamburg
Huyo mdogo wako asikate tiketi kwanza!! Kibali cha Uingereza hakimwingizi Ugiriki, anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ni euro 90, na bima ya safari inayolipa angalau euro 30,000. Anaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla na mwisho ni siku 15 kabla ya safari, ila asingoje huko mwisho maana miadi za kiangazi zinaisha kama maandazi ya asubuhi. Nyie mkiwa na vibali vya Ujerumani na pasi ambazo hazijaisha hamna shida.

Kuhusu gari, sisi hatukukodi. Mabasi ya KTEL, yale ya abiria ya kisiwani, ni mazuri, Heraklion, Rethymno na Chania yanapita mara nyingi kwa siku, na Elafonisi kiangazi lipo linaloenda asubuhi kurudi jioni. Dereva alale, baba watoto asigombane na ramani.

Kaka_wa_Pangani
Basi sawa ila na watoto ukikosa la jioni umekwisha, mimi ningekodi siku tatu tu. Kama hamjui gia za mkono wekeni oda ya otomatiki mapema, ni chache na bei juu. Na Balos msiende na gari ya kukodi, mwisho kuna barabara ya vumbi na mawe, mikataba mingi bima haifanyi kazi pale. Nilipasua tairi, kampuni ikakata kwenye dhamana yangu na nikasaini mwenyewe bila kusoma. Pandeni boti bandari ya Kissamos, watoto watafurahi zaidi.

Zuhura_T
Naongezea. Agosti kuna upepo wa meltemi, pwani ya kaskazini siku nyingine bendera nyekundu hakuna kuogelea, ulizeni kabla ya kulipia boti. Karatasi ya chooni haitupwi ndani ya choo, kuna kapu pembeni, waambieni watoto mapema. Mgahawani samaki mwenye kinyota kwenye menyu ni wa barafu. Na ukimaliza kula wanakuletea raki bure, ni pombe kali hiyo, sisi tusiokunywa tunawaambia tu asante na wanaleta tikiti maji.

Ila kwa nini Agosti jamani? Likizo ya Oktoba ya huko kwenu bahari bado ina uvuguvugu na watu wamepungua.

MamaZuu
Asanteni sana, baba Zuu anasoma huku anacheka. Basi tunahamia Oktoba, tunalala Chania siku zote, gari siku tatu, Balos kwa boti, Samaria nimeifuta. Mdogo wangu nimempigia sasa hivi, kumbe tiketi alishakata jana, tena ya Agosti. Kuna anayejua kama tiketi za bei poa zinabadilishwa tarehe?

bi_mkubwa_Hamburg
Mungu wangu. Asome masharti kwenye ile imeili leo leo, kabla hajalala.