MREJESHO: Yule mshkaji wa geto asiyechangia luku

Wakuu, wiki mbili nyuma niliwauliza nimfanyeje mshkaji tunayekaa naye geto Sinza, luku hachangii ila pasi na jiko la umeme anatumia kama kwao. Wengi mlisema nimtimue, mimi nikafuata ule ushauri wa kukausha, yaani nikae kimya nisinunue umeme mpaka uishe. Jumapili usiku mita ikaanza kulia pii pii, nikavaa ndala nikaenda zangu kibanda umiza kucheki mpira, narudi namkuta gizani anajipepea na boksi, shati la kazini limejikunja kitandani, ananiambia "mwanangu nitajie namba ya mita." Kanunua ya elfu kumi hapohapo! Sasa tunaenda kwa zamu, ila kaanza kunizimia taa nikiwa bafuni eti namalizia umeme wake 😂