Mama amekoniwa (ametapeliwa kwa simu) tena na safari hii amenificha. Nifanyeje bila kumuaibisha?

Mwana_wa_Luanda

Wadau habari za jioni. Mimi niko Nakuru huku Section 58 lakini mama yuko nyumbani Luanda, Vihiga, ana kibanda cha nafaka pale sokoni. Miaka 63, simu ni mulika mwizi, ile ndogo ya vibonyezo, M-Pesa anaijua vizuri na hata chama chao humwachia pesa, kwa hivyo msidhani ni mtu wa kulala.

Sasa mwezi jana akapigiwa simu na mtu anajiita naibu wa mwalimu mkuu, eti kitinda mimba wetu aliye bodingi ameanguka bafuni kichwa kikapasuka, wako hospitali na daktari hawezi kumgusa mpaka picha ya kichwa ilipiwe, 14,500. Jamaa alikuwa na jina la mtoto, kidato, hata bweni analolala. Na huko nyuma kuna mtu analia. Mama akatuma. Dakika kumi hazijaisha wanapiga tena, damu inatakikana, 6,000, hiyo akakopa kwa jirani wa kibanda. Wakati huo wote kijana alikuwa darasani anafanya hesabu, hana hata mkwaruzo.

Lakini kilichoniuma si pesa. Nimejua haya wiki tatu baadaye, na aliyeniambia ni huyo jirani anayedai deni lake. Mama hakusema neno. Mwaka juzi aliliwa 3,000 kwa ile ya nimetuma kimakosa nirudishie, na tulipokutana Disemba tukamcheka sote mezani, kaka yangu mkubwa akamwita Mama Kamiti, kwa lile gereza la matapeli wa simu, na jina likashika mpaka wajukuu wakawa wanamwita hivyo. Nadhani ndio sababu amenyamaza. Wikendi hii naenda nyumbani, nianzie wapi?

Mulembe_Daima

Pole sana ndugu. Hiyo ya mtoto shuleni ni mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna mzazi anaanza kupiga hesabu akisikia damu. Kitu kimoja tu, chukua ile barua ya karo, toa namba ya shule, iandike kwa kalamu kubwa ubandike ukutani kwa kibanda. Simu ya aina hiyo ikiingia anakata na kupiga ile ya ukutani. Na hospitali ikitaka kulipwa ina peibili yake, yaani namba yake ya malipo ya M-Pesa, na kabla pesa haijaenda jina linatokea, sasa ukiona jina ni la mtu binafsi hapo hakuna hospitali.

Kijana_Pipeline

Wazee wetu shida ni kupenda pesa za bure, ndio wanaliwa

Nyar_Kano

@Kijana_Pipeline hebu soma uzi tena polepole. Pesa ya bure iko wapi hapo? Mtu ameambiwa mtoto wake anakufa.

Ajenti_Kondele

Niko Kondele Kisumu, huu ni mwaka wa 9 nikiuza M-Pesa, wacha niwaambie vile inaonekana kutoka upande wangu wa dirisha. Mtu akija ameshikilia simu kwa sikio na haongei, anasema tu "ndio... ndio... bado", najua ameshashikwa. Hawa watu hawataki ukate simu hata sekunde, kwa sababu ukikata akili inarudi. Na wanakuonya usimwambie ajenti, eti ajenti ndio wezi wenyewe wanaochunguzwa, kwa hivyo nikikuuliza unatuma kwa nani unaniona mimi ndiye mbaya.

Kuna mzee alikuja na 32,000, ameuza ng'ombe, anataka nimwekee zote atume. Nikamuuliza, akanipa mgongo. Nikamwambia floti, yaani salio langu la ajenti, imeisha. Floti ilikuwa tele! Nikampa kiti, nikamwagizia soda, ikafika mahali simu yake ikaisha chaji na ndio akaanza kunieleza ati ameshinda pikipiki ila lazima alipe ushuru kwanza. Siku ya pili alirudi na mkewe. Mzee hakunisalimia mpaka leo, mama ndiye alinisalimia.

Sasa kwako OP (mwenye uzi), zile 6,000 za jirani zilikuwa kesh si ndio? Basi zilipitia kwa ajenti. Huyo ajenti wa mama mtafute, kaa naye, mwachie namba yako. Mzazi wa umri huo huwa na ajenti mmoja tu anayemwamini, na huyo anaweza kuchelewesha mambo dakika kumi kuliko wewe uliye Nakuru.

Na ile ya kimakosa, usirudishe kwa mkono wako hata mtu alie vipi. Kwanza angalia salio kwa menyu, achana na meseji. Kama kweli pesa imeingia, mwambie atume meseji yake ya M-Pesa kwa 456, irudishwe kwa njia yake. Ukimrudishia mwenyewe halafu aende aombe irudishwe tena, umelipa mara mbili.

Fundi_Simu_Nax

Naongezea ya kifundi. Wakijifanya kastoma kea watakwambia ubonyeze *33*0000# eti laini isifungwe. Hiyo inafunga simu za kutoka, yaani wao wanakupata lakini wewe huwezi kumpigia mtoto wala jirani. Watu wanakuja hapa kwangu wakisema simu imeharibika, nabonyeza #33*0000# inafunguka, na hapo ndio wanagundua kilichowapata. Kastoma kea wa Safaricom hupiga na 0722000000 pekee, na pini haulizwi na mtu.

Ukifika nyumbani shika simu ya mama ubonyeze *100*100#, basi hakuna mtu atabadilisha laini yake mpaka aende duka la Safaricom mwenyewe na kitambulisho. Halafu *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kuna wazee wanabeba laini za watu hawajui.

Mwalimu_Mstaafu

Mimi nilimfanyia shemeji yangu kitu kidogo tu na kimesaidia sana. Kwa menyu ya M-Pesa kuna kubadilisha lugha, nikamwekea Kiswahili. Sasa meseji ya kweli inamjia "Umepokea", na inatoka kwa MPESA, haitoki kwa namba ya simu. Ile feki inakuja kwa Kizungu kutoka kwa namba ya mtu, hata bila miwani anajua huyu ni mgeni.

Nyar_Kano

Na msidhani ni wazee tu jamani. Chama chetu tuko WhatsApp, sote wa chini ya 35, mwenzetu mmoja akaombwa "nitumie zile namba sita zimeingia kwako kimakosa", akatuma, akaunti ikaenda. Jioni hiyo "yeye" anatukopa 5,000 kila mtu, wanne wakatuma, mimi mmoja wao na nina digrii. Wekeni ile pini ya pili ya WhatsApp.

Mkulima_Njoro

Pesa zenyewe sahau ndugu, hawa hutoa kabla hujameza mate. Ingekuwa siku hiyo hiyo ungejaribu 456. Lakini namba yao itume kwa 333 ya Safaricom, ni bure, na uandikishe OB (kile kitabu cha matukio) kituo cha polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta iko tangu 2018, ila bila OB hakuna atakayeitumia. DCI, wale wapelelezi wa jinai, nao wana namba ya bure 0800 722 203.

Kijana_Pipeline

Sawa nimesoma tena. Pole OP, nilikosea.

Mwana_wa_Luanda

Wadau nimerudi Nakuru jana usiku, wacha niwape ripoti. Nilifika Luanda Ijumaa na hotuba yangu yote kichwani, nikamkuta anachagua maharagwe, nikakaa tukachagua pamoja na hotuba ikapotea. Nikajikuta namweleza yangu. Nikihamia Nakuru 2021 nililipa 1,500 ya kuonyeshwa nyumba Milimani niliyoiona Facebook, picha safi, bei ya chini, kufika pale nakuta kiwanja kina mahindi. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu anajua leo akisoma hapa. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini, akaniuliza mahindi yenyewe yalikuwa yamefika wapi.

Kisha akanyamaza kidogo, na akasema yake yote. Kumbe si mara mbili. Kuna nyingine katikati, 2,200, na alikuwa amechukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwa hivyo kila pesa tuliyomtumia ilikuwa inaliwa ikifika, sisi tukidhani anatumia vibaya. Hiyo ilinikata maini.

Jirani nimemlipa. Namba ya shule iko ukutani, M-Pesa inaongea Kiswahili, *100*100# tayari, na ajenti wake nimemsalimia, kumbe tulisoma naye shule ya msingi. Kaka nimempigia akafuta lile jina, ingawa alibishana kwanza.

Na tumekubaliana mtu yeyote wa kwetu akipiga kwa namba ngeni kuomba pesa, mama atauliza jina la ng'ombe wetu wa kwanza. Jana gari limeharibika Kericho, simu yangu imezima, nikaazima ya dereva nimwambie nitachelewa. Sijaomba hata shilingi. Akaniuliza ng'ombe. Nikataja. Akasema huyo ni wa pili, akakata simu.