Tupeane uzoefu: moyo kwenda mbio uwanja wa ndege wa Entebbe hata kabla ya kuiona ndege

MwanaNsambya
Wadau, salaam. Alhamisi nasafiri, ndege ya saa kumi alfajiri, na tangu Jumapili usingizi umenikimbia. Ndege yenyewe siiogopi, nikishakaa kitini nalala kama mtoto. Kinachoniua ni kile kipande cha kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye hicho kiti. Safari ya mwisho nilifika kaunta mikono inatetemeka mpaka yule dada akaniuliza kama naumwa malaria. Nikasema ndiyo, nikidhani yataisha. Kumbe ndiyo nimefungulia maswali: umeanza lini, umepima, umekunywa dawa gani. Hebu niambieni, ni mimi peke yangu?

BintiBombo
Hahahaha "nikasema ndiyo"! Bambi, pole, hauko peke yako. Mimi tumbo huanza kuendesha tukifika Kajjansi njiani, si mbele wala nyuma ya hapo.

BabaMapacha
Umenikumbusha 2017, safari yangu ya kwanza ya kyeyo, kutafuta kazi nje, Dubai. Kaeni nisimulie.

Nilisindikizwa na watu kumi na mmoja. Tulikodi kamunye nzima, basi dogo la abiria. Mama aliomba dua nyumbani, akaomba tena Zana tulipokwama kwenye foleni, akaomba Kajjansi mvua ilipoanza. Wakati huo Expressway, ile barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe, haijafunguliwa, barabara ni ileile moja, na kila lori lililokuwa mbele yetu niliona limetumwa na adui zangu.

Tukafika kile kizuizi cha kwanza cha uwanja, mnakijua, abiria wote mnashuka mnatembea kwa miguu kukaguliwa, gari nalo linakaguliwa kivyake. Nikashuka. Askari akaomba pasipoti. Pasipoti ipo ndani ya bahasha, bahasha ipo chini ya kiti, kiti kipo ndani ya kamunye, na kamunye imeshasogea mbele. Nikatoka mbio mvuani. Sasa niambieni, kamunye nyeupe yenye vimraba vya buluu utaitofautishaje na wenzake usiku? Nilifungua mlango wa kwanza, nikakuta bibi harusi. Wa pili, watu wananitazama tu. Wa tatu nikasikia sauti ya mama: "Mtoto wangu wamemrudisha!" Akaangua kilio kabla sijasema neno.

Sijamaliza. Mlango wa jengo, vua viatu, vua mkanda. Suruali niliyovaa ilikuwa ya kaka yangu, na kaka yangu ni mtu wa mwili. Mkanda ndio uliokuwa unaishikilia. Nikaishika kwa mikono miwili, nikapita kwenye mashine, ikalia. Askari kwa upole kabisa: "Ssebo, inua mikono."

Nikamwambia siwezi. Akaniambia tena. Wasindikizaji wangu kumi na mmoja wamesimama nje ya mlango wanatazama.

Niliinua mkono mmoja.

KijanaWaKitoro
Nimecheka hadi mteja kauliza kuna nini.

Mama_Bunia
Kweli tupu. Na soksi yenye tundu usisahau! Mimi dole gumba lilitoka likasalimia watu wote.

MakerereMTZ
Ushauri: fika uwanjani saa tatu nzima kabla ya ndege. Ndivyo tiketi nyingi zinavyosema, na zinatosha.

KijanaWaKitoro
Zinatosha kwa anayeishi Entebbe kama mimi. Wewe wa Kampala ondoka saa sita kabla. Ijumaa jioni ondoka Alhamisi.

MakerereMTZ
Acha chumvi. Kutoka Kampala ni kilomita kama 40 tu, na siku hizi kuna Expressway. Gari dogo unalipa 5,000, unateleza.

KijanaWaKitoro
Unateleza hadi Mpala inakoishia. Ukitoka pale unakutana na wale wale walioponda barabara ya zamani, mnasukumana pamoja. Na kabla ya hapo ulishafikaje Busega inakoanzia? Kwa mabawa?

MakerereMTZ
Ni "waliofuata barabara ya zamani". Kuponda ni kitu kingine.

BintiBombo
Yameanza! Mtu anaumwa na wasiwasi, nyinyi mnasahihishana Kiswahili. Hiki ndicho Kiswahili cha Uganda, kipokee hivyo hivyo.

Msafiri_Arua
Ngojeni niwape yangu, halafu mtasahau foleni.

2022, nipo kwenye mstari wa kaunta. Nyuma yangu mama mtu mzima, mpole, gauni lake la gomesi limepigwa pasi vizuri. Ananiita mwanangu. Mzigo wake umepimwa, umezidi kilo nne, fedha ya kulipia hana. Anatoa kifuko cheusi kilichofungwa kamba: "Mwanangu, nibebee hiki tu, utanipa tukishuka." Nikauliza kuna nini ndani. Akasema vitu vya nyumbani. Vitu gani? Akacheka. Hakusema.

Hapo jasho likaanza kunitoka mgongoni. Wote tumesikia habari za watu waliofungwa maisha huko nje kwa sababu ya mzigo wa mwingine. Nikamtazama, ni mfano wa mama yangu mzazi. Nikakitazama kifuko. Mstari unasogea. Amenishika mkono.

Naja, bosi ananiita.

Mama_Bunia
Weee! Utatuacha hapa?

BabaMapacha
Mimi suruali yangu ilikaribia kuanguka mbele ya ukoo mzima na nikamaliza stori. Huyu anaenda kwa bosi.

SistaWaWodi
Wakati tunamngoja, MwanaNsambya nisikilize, mimi ni nesi. Moyo ukianza kwenda mbio, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita au saba. Fanya hivyo dakika chache ukiwa kwenye mstari, hakuna atakayejua. Na kahawa siku hiyo achana nayo.

KijanaWaKitoro
Kahawa muhimu! Asipokunywa atasinzia aachwe.

SistaWaWodi
Haya, atetemeke tena aulizwe malaria.

BintiBombo
Mimi ni Ayatul Kursi na tangawizi ya kutafuna. Hayo ya kuhesabu hunichanganya, nikifika nne nakumbuka madeni.

Mama_Bunia
Na kadi ya njano ya homa ya manjano, ibebe pamoja na pasipoti. Mimi niliiacha ndani ya Biblia nyumbani, kijana wa boda ndiye aliyeniokoa, alikuja nayo hadi kizuizini amelowa chapachapa. Ila yangu ni ya 2012, nadhani imekwisha.

SistaWaWodi
Haijaisha, mama. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Ila anayechanja kwa mara ya kwanza lazima zipite siku 10 ndipo ianze kutambuliwa. Kuna watu huchanjwa leo na ndege ni kesho, wanashangaa wakirudishwa.

MzeeWaNyanjani
Nimekuwa nikisoma kimya. Nyinyi mnaogopa mashine na maswali. Mimi nilikuwa na miaka minane, tunaishi Entebbe, usiku wa tarehe 3 Julai 1976 kuamkia tarehe 4. Baba alitulaza chini ya kitanda kwa sababu ya milio. Hatukujua ni makomando wa Israeli, tulidhani ni mapinduzi. Asubuhi hakuna aliyekwenda ziwani. Leo wajukuu wananipeleka uwanjani kwa gari lenye baridi, jengo tofauti, kila kitu kinang'aa, na bado nikisikia ndege inanguruma usiku natafuta kitanda kwa macho. Mwaka jana nilimwambia kijana wa uhamiaji nilipokuwa naweka vidole. Akasema, "Pole mzee, weka dole gumba la kushoto."

BabaMapacha
Mzee wetu, shikamoo. Hapo mimi na suruali yangu tunakaa chini.

MakerereMTZ
Shikamoo mzee.

Mama_Bunia
Na yule wa Arua je?

Msafiri_Arua
Nimerudi. Nilikataa. Nikamwambia mama nisamehe, siwezi. Akalia, machozi ya kweli. Mstari mzima ukanitazama kama muuaji. Akatoa simu akampigia mtu, sikujua waliongea nini, mimi nikaenda zangu uhamiaji magoti yananigongana. Nikakaa lango la kuondokea nikiwaza askari watakuja kuniuliza nilikuwa naongea naye nini. Kila aliyevaa sare akipita, mimi naangalia viatu vyangu.

Naingia kwenye ndege, nani yupo kiti cha dirishani, mimi katikati? Yeye. Na kifuko chake. Tulipopaa akakifungua. Gonja, zile ndizi za kuchoma, na karanga. Alikula mpaka Ethiopia bila kunikaribisha.

KijanaWaKitoro
Gonja la kilo nne?!

BintiBombo
Ulimliza mama wa watu kwa ajili ya gonja.

SistaWaWodi
Alifanya sawa kabisa. Usibebe mfuko ambao hukuufunga wewe, hata awe mama mkwe.

BintiBombo
Mama mkwe utabeba, utake usitake.

MwanaNsambya
Wadau, nimesoma yote nikicheka peke yangu. Sasa swali: dada yangu ananidai odii, ile rojo ya simsim na karanga, ameagiza chupa mbili kubwa. Niweke begi la mkononi isipasuke?

Mama_Bunia
Usithubutu! Odii huhesabiwa kama kimiminika, ikizidi mililita 100 inabaki mezani kwa askari. Mimi niliiacha huku naiaga kwa jina. Funga kwa mifuko mitatu, weka kwenye begi kubwa katikati ya nguo ambazo huzipendi.

MwanaNsambya
Alhamisi, saa sita na nusu usiku. Tumefika kizuizini, nimeshuka kwenye gari. Pasipoti ipo mkononi, kadi ipo mkononi. Natembea, natoa pumzi nikihesabu saba.

BabaMapacha
Mkanda?

MwanaNsambya
Nimevaa suruali ya lastiki.

Mama_Bunia
Na soksi umeangalia?