Tupeane uzoefu: nyoka wako akigoma kula, ulimrudishaje?

Kahawa West (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau wa nyoka. Naomba tukusanye hapa visa vya nyoka waliogoma kula juu kila mara kuna mtu ananiandikia inboksi amechanganyikiwa, na mimi mwenyewe hii kitu imewahi kuninyima usingizi. Naanza na yangu.

Nina boa wa mchanga dume, hawa wa kwetu maeneo makavu ya kaskazini na mashariki, mnene kama kidole gumba. Niko na kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na kama wewe huna anzia hapo kwanza, sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali. Sasa mwaka jana mwezi wa sita akakataa panya. Wiki ya kwanza nikasema ameshiba, ya pili nikaleta panya mdogo zaidi, ya tatu nikawa namtikisia panya usoni na koleo karibu kila jioni na yeye anazama tu mchangani. Hapo ndipo nilimkosea kabisa, juu nyoka ukimsumbua kila siku anaanza kuona koleo ni adui. Kwa mizani ya jikoni alikuwa gramu 92, akashuka 88.

Kilichonifungua macho ni kipimajoto. Nilikuwa napima hewa ya juu na kumbe yeye analala chini. Nikazamisha ule waya mpaka sakafu ya tangi, nyuzi 24! Nairobi Julai usiku inaweza kushuka mpaka 12, na stima huku kwetu ikipotea saa mbili usiku unaiona tena alfajiri. Nyoka hatengenezi joto lake, asipopata kama 32 hivi upande mmoja chakula hakisagiki, kinaozea tumboni, kwa hivyo mwili wenyewe unakataa. Nikaweka mkeka wa joto na themostati, nikapunguza mchanga ubaki kama sentimita 5, nikabandika magazeti pande tatu za kioo, alafu siku kumi sikumgusa, nabadilisha maji tu.

Siku ya kumi na moja nikatoa panya kwa friza, akayeyuka kwenye friji polepole, nikamtia ndani ya glavu ya mpira asilowe, nikamtumbukiza kwa maji moto (sio ya kuchemka) mpaka akawa na joto la mnyama aliye hai. Saa tatu usiku nikazima taa. Mchanga ukasogea kidogo, kikachomoza kichwa, vijicho kama punje mbili za pilipili manga, ulimi ukatoka ukarudi ukatoka, nikashika pumzi, na ghafla akamdaka akamvuta chini mchanga ukafunga juu yao, mimi nimebaki na koleo tupu mkononi. Nilitoa machozi wadau. Karibuni.

Rongai

Asante kwa kufungua hii. Mimi ni wale nyoka wadogo wa kahawia wanaokaa kwenye nyumba za watu, jike wangu alitaga na vitoto vikatoka saba. Vitano vilikula panya wachanga wasio na manyoya bila shida, viwili hata kuangalia havikutaka. Kumbe porini wakiwa wadogo hivyo chakula chao kikubwa ni mijusi, harufu ya panya hawaijui. Nikashika mjusi kafiri ukutani, nikamsugua panya mchanga mgongoni kwake mpaka nikaona imetosha, mjusi nikamwachilia aende zake. Kitoto kimoja kilikula usiku huohuo! Cha pili nikakiweka na huyo panya ndani ya kikopo kidogo chenye matundu, giza, karatasi ya tishu chini, nikaacha mpaka asubuhi, nikakuta tumbo limevimba. Baada ya mara nne nikapunguza kusugua, na sasa wanakula wa kawaida.

Umoja

Angalieni macho kwanza. Kama yamekuwa ya bluu kama maziwa anataka kubadilisha ngozi, muacheni. Wangu hukataa kila akibadilisha, akimaliza tu anakula.

Lang'ata

Wangu ni mla mayai, na huyo usimpe panya hata siku moja, hali. Anataka yai la ndege na liwe freshi. Nilikuwa nanunua ya kware, naweka kwenye friji, namletea, ananusa anaondoka, miezi miwili. Nikapata mama mmoja anayefuga kware akawa ananipa yaliyotagwa siku hiyohiyo, siyaoshi. La kwanza alilizunguka na ulimi kama dakika ishirini, taya zikafunguka mpaka ngozi ya shingo ikawa nyembamba unaona magamba yameachana, yai likapita, alafu nikasikia kaa! kwa ndani, mifupa ya uti wa mgongo ndiyo inayolipasua. Baadaye akatapika ganda limekunjwa vizuri kama karatasi. Na mjue ndege wasipotaga porini hawa hufunga muda mrefu, kwa hivyo kama uzito haujashuka sana, msiwalazimishe. Kitu kingine, huyu anasugua magamba anatoa sauti kama ya nyoka mwenye sumu, keateka wetu karibu amuue. Hana sumu na hana hata meno ya maana. Waelezeni majirani mapema, tafadhali.

Kikuyu

Mimi ni daktari wa mifugo, naomba niongeze. Asilimia 10 ya uzito ikishapotea usingoje. Akipumua mdomo wazi, akitoa mapovu, fizi zikiwa nyekundu au zina usaha, au ukiona utitiri mdogo mweusi kati ya magamba, shida sio chakula. Mlete kwa daktari anayejua reptilia, hapo Kabete, kwenye chuo cha madaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, unaweza kuanza kuulizia. Kumlisha kwa nguvu usijaribu nyumbani, unaweza kumpasua koo. Na nawaomba sana sana, panya wa kutegwa nyumbani hapana, anaweza kuwa amekula dawa ya panya na nyoka wako akafa naye.

South B

Daktari, na panya hai? Wangu ni chatu wa Afrika Magharibi, wale wa aina ndogo wa kujikunja kama mpira, dume, mwezi wa tatu huu hajala lakini uzito ni uleule.

Kikuyu

Dume mzima hufunga hata miezi kadhaa wakati wa kupandana, na kama uzito umesimama endelea tu kumpima kila wiki. Panya hai hapana ndugu yangu, nimeshona chatu aliyetafunwa mgongo mpaka mfupa kwa sababu mwenyewe alimwacha na panya usiku kucha.

Kahawa West (mwanzisha mada)

South B, una maficho mangapi kwa hilo tangi? Weka moja upande wa joto na lingine upande wa baridi, yambane pande zote, na usimshike kabisa wiki hii. Jaribu Jumamosi usiku ukishazima taa, alafu utuandikie hapa.

South B

Nina moja tu, na ni kubwa. Naenda kukata boksi la viatu sai.